Mikono Miwili, Begi Moja: Kuchagua Lenzi na Vifaa vya Dokumentari Ukiwa Peke Yako

Nilikaa na fundi seremala saa tatu nzima bila kupata neno la maana. Anapiga randa, anajifuta jasho, anapiga randa tena. Nikaona bora nibadilishe lenzi nipate mikono yake kwa karibu. Lenzi ya kwanza nimeshaitoa, ya pili iko kiganjani, kifuniko nimekibana kwa meno, ndipo fundi akaweka randa chini na kusema, bila kuulizwa, kwamba meza ile ndiyo ya mwisho kutoka katika karakana hiyo. Sauti yake ninayo mpaka leo, maana kinasa kilikuwa mfukoni mwake. Picha sina.

Tangu siku hiyo kila kifaa nakipima kwa swali moja: kitaniondoa macho kwa huyu mtu kwa muda gani? Lenzi inaweza kuwa kali kama wembe na kamera ikawa na sifa za kujaza ukurasa, lakini kama kuitumia kunataka mkono wa tatu, hiyo si ya mtu anayeshuti peke yake. Hata watengeneza dokumentari akina Richard Leacock na D. A. Pennebaker, waliokuwa wakihangaika mnamo 1960 kupata kamera ya filamu ya milimita 16 ya kubeba begani inayokwenda sambamba na sauti, walifanya kazi kwa kugawana: mmoja anashika kamera, mwingine kinasa na maiki. Wewe umejipa zote mbili, pamoja na ya mbeba mizigo. Hatua zifuatazo ndizo ningezifuata leo kama begi langu lingekuwa tupu.

Hatua ya 1: Andika matukio kabla ya kuandika vifaa

Chukua karatasi. Andika matukio matano au sita unayotarajia kurekodi, na kando ya kila moja ujibu: nitasimama umbali gani, mwanga unatoka wapi, nani anazungumza, nani anatembea. Karatasi yangu ya karakana ingesomeka hivi: chumba cha mita tatu kwa nne, dirisha moja kushoto, msumeno wa umeme wenye kelele, fundi hatulii mahali pamoja, tripodi haina pa kusimama. Maneno hayo machache yanatosha kukuzuia kununua vitu vingi.

Kisha piga hesabu ya kugawa na kuzidisha. Upana wa eneo litakaloingia kwenye fremu unapatikana kwa kugawa upana wa kihisi cha kamera (kile kibamba cha ndani kinachopokea picha) kwa urefu wa fokasi ya lenzi (namba ya milimita iliyoandikwa juu yake), halafu kuzidisha kwa umbali wako na mtu. Kihisi cha fremu kamili kina upana wa milimita 36. Ukisimama mita 3 na lenzi ya milimita 24, unaona mita 4.5 za chumba. Kwa milimita 35 unaona mita 3 na kidogo. Kwa milimita 70 unaona mita 1.5 hivi, yaani mtu kuanzia kiunoni kwenda juu na nafasi ya kutosha pembeni. Fanya hivyo kwa kila tukio uliloandika, uone namba zinazojirudia. Kwa watu wengi zitajirudia kati ya 24 na 100, na hapo umeshajua lenzi yako kuu itaangukia wapi.

Hatua ya 2: Jua kihisi chako, kwa sababu namba ya lenzi haisemi kila kitu

Lenzi ya milimita 24 haitoi picha pana ileile kwenye kila kamera. Kihisi cha APS-C kina upana wa milimita 23.5 hivi (vya Canon ni vidogo kidogo), na cha Micro Four Thirds ni 17.3. Ili kulinganisha na fremu kamili, zidisha urefu wa fokasi kwa 1.5 kwenye APS-C, kwa 1.6 ikiwa ni Canon, na kwa 2 kwenye Micro Four Thirds. Kwa hiyo milimita 24 kwenye APS-C ya kawaida inakuwa kama 36, na mle karakanani, kwa umbali uleule wa mita 3, utaona mita 3 za chumba badala ya 4.5.

Kuna jambo jingine wauzaji hawalitaji mpaka uulize. Kamera nyingi hukata kingo za picha zinaporekodi 4K kwa baadhi ya kasi za fremu, na kuzikata tena ukiwasha uimarishaji wa kielektroniki (wa kupunguza mtikisiko). Kabla ya kulipia lenzi pana, weka kamera kwenye mpangilio uleule utakaotumia kazini, kisha utazame fremu imebaki na upana gani.

Na usijinyime usingizi kwa sababu huna fremu kamili. Kihisi kidogo kinakupa eneo kubwa zaidi lililo kwenye fokasi, yaani linaloonekana kali, kwa fremu ileile na tundu lilelile (mlango wa mwanga ndani ya lenzi, unaoandikwa kwa f; namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), na kwa mtu asiye na msaidizi wa kushughulikia fokasi, hiyo ni nafuu.

Hatua ya 3: Chagua zumu moja utakayoishi nayo

Hapa ndipo pesa na muda wako mwingi uende. Zumu ni lenzi inayovuta picha karibu na kuirudisha mbali, na hii itakaa kwenye kamera siku nzima, kwa hiyo kasoro zake utakula nazo sahani moja.

Wagombea wawili wakubwa kwa fremu kamili ni 24–70 f/2.8 na 24–105 f/4. Kwenye APS-C mwenzake wa ile ya kwanza ni 16–55 f/2.8, na kwenye Micro Four Thirds ni 12–40 f/2.8. Watu wengi watakuambia uchukue f/2.8 bila kufikiri. Mimi kwa kazi ya peke yangu nachukua 24–105 f/4. Kutoka 70 kwenda 105 ndiyo tofauti ya kumwona mtu kuanzia kiunoni na kumwona kuanzia kifuani bila kupiga hatua, na hatua moja mbele wakati mtu anaanza kulia inaweza kumfanya anyamaze. Ile stopu moja ya mwanga ninayoikosa (yaani nusu yake) naifidia kwa ISO, ule wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kwani kamera za siku hizi zinavumilia. Kama kazi yako kubwa ni usiku au ndani ya nyumba zenye giza, geuza uamuzi wangu.

Epuka zumu ambayo tundu lake linabadilika, kama f/3.5–5.6, ukiweza. Ukivuta karibu katikati ya mazungumzo, picha inaingia giza mbele ya macho ya mtazamaji, au kamera inapandisha ISO yenyewe na chembechembe zinaanza kucheza ukutani. Kama ndiyo uliyo nayo, weka tundu kwenye namba ya upande mrefu, mfano f/5.6, uliache hapo, utumie lenzi yote kama vile ni f/5.6. Inafanya kazi vizuri mchana.

Ukiwa na lenzi mkononi, kabla hujalipa, fanya jaribio hili. Mwombe mtu asimame mita 2 mbele yako. Vuta mpaka mwisho, weka fokasi kwenye jicho lake, zima fokasi ya kujiendesha, bonyeza kurekodi, halafu rudisha zumu polepole mpaka upana wote. Tazama kipande hicho kwenye skrini kubwa, usikiamini kioo cha nyuma ya kamera. Kama jicho limebaki kali mwanzo hadi mwisho, umepata lenzi adimu. Kama limefifia katikati ya safari, na lenzi nyingi za picha za mnato ndivyo zilivyo, basi ujue kila ukibadilisha zumu ni lazima fokasi itafutwe upya, na utegemee fokasi ya kujiendesha inayofuata uso.

Jaribio la pili: zumu ikae mahali pamoja, peleka fokasi kutoka kitu cha karibu hadi cha mbali. Ukiona fremu yenyewe inapanuka na kusinyaa kama kifua cha mtu anayehema, hiyo lenzi itakusumbua kwenye mahojiano. La tatu ni la masikio: kwenye chumba kimya, sikiliza mota ya fokasi kupitia maiki ya juu ya kamera. Mota inayokwaruza haisikiki dukani kwenye kelele, inasikika nyumbani wakati wa kuhariri.

Usisahau umbali wa chini wa fokasi. Lenzi inayokubali sentimita 30 hadi 40 inakupa mikono, sindano, barua, alama za penseli kwenye mbao, bila kubeba lenzi nyingine. Kama yako inadai karibu mita nzima, picha hizo za karibu utazikosa au utalazimika kubadilisha. Na kubadilisha, nimeshasema, kulinigharimu meza ya mwisho.

Hatua ya 4: Ongeza lenzi moja ndogo ya gizani

Moja tu. Milimita 35 f/1.8 kwa fremu kamili, au 23 au 24 kwa APS-C, ndiyo chaguo langu. Kutoka f/4 kwenda f/1.8 unapata mwanga karibu mara tano zaidi. Chumba chenye taa moja kinageuka kutoka chembechembe tupu kuwa picha. Ni nyepesi, haimtishi mtu, na kamera inaonekana kama ya mtalii. Kuna siku nimeingia nayo mahali ambapo zumu kubwa ingeleta maswali mlangoni.

Kishawishi kilichopo ni 85 f/1.4, ile inayoyeyusha kila kitu nyuma ya mtu. Kwa mita 2, lenzi hiyo ikiwa wazi kabisa, kina cha eneo lililo kwenye fokasi ni sentimita 5 hivi. Mtu akiinama kuchukua kikombe, macho yameshatoka nje na sikio ndilo kali. Linganisha: 50 f/2.8 kwa umbali huohuo inakupa sentimita 27, na 35 f/4 karibu sentimita 80. Sentimita themanini maana yake ni kwamba mtu anaweza kucheka, kujirusha nyuma ya kiti na kurudi, na bado wewe unamsikiliza badala ya kufukuzana na pete ya fokasi. Mandhari iliyofifia ni nzuri kwenye mahojiano ya kukaa. Mtu akiwa kwenye mwendo, funga tundu.

Hatua ya 5: Lenzi ndefu, labda hapana

70–200 f/2.8 huwa na uzito wa kilo moja hadi moja na nusu peke yake. Kama unarekodi wanyama, michezo, au mkutano ambao hauruhusiwi kusogea, huna ujanja, ibebe. Vinginevyo azima au kodi kwa siku inayohitajika. Picha iliyovutwa kutoka ng'ambo ya barabara ina harufu ya kupeleleza, na mtazamaji huihisi hata kama hawezi kueleza kwa nini.

Hatua ya 6: Filta ya ND (kioo cheusi cha kupunguza mwanga) kabla ya lenzi ya pili

Ukitaka mwendo uonekane wa kawaida machoni, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) huwekwa karibu na mara mbili ya kasi ya fremu: 1/50 kwa fremu 25, 1/60 kwa fremu 30. Sasa toka nje saa sita mchana. Kanuni ya wapiga picha wa zamani inasema jua kali linataka f/16 na shata sawa na ISO yako. Ukiwa ISO 800, hiyo ni 1/800. Kuteremsha shata kutoka 1/800 hadi 1/50 ni stopu nne za mwanga uliozidi. Kufungua tundu kutoka f/16 hadi f/2.8 ni stopu tano nyingine. Jumla tisa. Bila miwani ya jua kwenye lenzi, anga yote ni karatasi nyeupe. Kila stopu inakata mwanga nusu, na kwenye filta za kawaida 0.3 ni stopu moja, hivyo ND 1.8 ni stopu sita. Ukiwa f/4 badala ya f/2.8 unahitaji nane, na ukiweza kushusha ISO hadi 100 unahitaji tano tu.

Kwa mtu wa peke yake napendekeza ND ya kuzungusha, ya stopu mbili hadi tano, pamoja na moja thabiti ya akiba kwa jua kali. Ile ya kuzungusha ni vioo viwili vya kuchuja mwanga vilivyobebana, ndiyo maana ukiizungusha kupita kiasi kwenye lenzi pana, msalaba mweusi unajitokeza juu ya picha. Nunua yenye vizuizi pande zote mbili ili usifike huko. Elewa pia kwamba itabadilisha mng'ao kwenye vioo, maji na hata ngozi yenye jasho, na filta rahisi huacha rangi ya kijani au kahawia ambayo utaitafutia dawa usiku kucha kwenye programu ya kuhariri.

Nunua filta ya mdomo mkubwa kuliko lenzi zako zote, mara nyingi milimita 77 au 82, halafu pete za kupandishia kwa lenzi ndogo. Pete ni nafuu kuliko filta ya pili.

Na hapa niitetee kidogo kamkoda, ile kamera ya video yenye lenzi yake isiyobadilishwa. Nyingi za daraja la kazi zina ND ndani, zumu inayoanzia upana mpaka mbali sana, na matundu ya maiki yenye kufuli, vyote kwenye kipande kimoja. Picha yake haina ule uyeyushaji wa nyuma unaosifiwa, lakini mtu mmoja mwenye kamkoda amesharekodi dakika kumi wakati mwenzake anafunga filta. Kama unaanza na hujanunua chochote, ishike mkononi kwanza.

Jambo la taa za umeme, haraka: penye umeme wa hezi 50 tumia 1/50 au 1/100, penye hezi 60 tumia 1/60 au 1/120. Ukikiuka, taa zitapepesa kwenye picha na hakuna lenzi itakayokuokoa.

Hatua ya 7: Sauti, na usiifanye ya mwisho

Nimeiweka nambari saba kwa sababu kichwa cha mwongozo kinasema lenzi. Kwenye manunuzi, iweke ya kwanza. Mtazamaji atavumilia picha iliyotikisika. Sauti ya mtu anayezungumza kama yuko ndani ya pipa haivumilii hata dakika.

Unahitaji njia mbili za sauti zinazofanya kazi bila kushikwa. Ya kwanza ni maiki ndogo ya kubana kifuani. Ya pili ni maiki ya bunduki (ile ndefu inayonasa zaidi sauti ya mbele) juu ya kamera, ya mazingira na ya dharura. Ile ya juu ya kamera usiitegemee kwa maneno: kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti inashuka kwa desibeli 6, na mle chumbani kuta zinajibu. Kutoka nusu mita hadi mita mbili umeshapoteza desibeli 12, na mwangwi haukupungua hata kidogo.

Kwa maiki ya kifuani chagua kisambazaji (kijisanduku anachovaa mtu, kinachorusha sauti) kinachorekodi ndani yake chenyewe. Mifumo mingi midogo ya bila waya inatumia mawimbi ya gigahezi 2.4, na mwili wa binadamu, uliojaa maji, unayameza. Mtu akikupa mgongo na kisambazaji kikiwa upande wa mbele, mawasiliano yanakatika kwa sekunde mbili, na mara nyingi ndizo sekunde mbili za jambo lenyewe. Nakala iliyo ndani ya kifaa inabaki nzima. Kama kinarekodi kwa mfumo wa biti 32 wa floti, bora zaidi, kwa sababu mtu akipiga kelele ghafla unaweza kuirudisha sauti chini wakati wa kuhariri, mradi kapsuli ya maiki yenyewe (kichwa kinachopokea sauti) haikuzidiwa. Kwa mifumo ya kawaida weka kilele cha sauti karibu na desibeli -12, na kama kamera ina mkondo wa pili wa sauti, uteremshe kwa desibeli 10 uwe bima.

Kuivalisha ni ufundi unaojifunza kwa makosa. Ibane katikati ya kifua, upana wa kiganja chini ya kidevu. Tazama kilicho jirani: kifungo, zipu, kidani, kitambaa cha nailoni. Niliwahi kurekodi dakika arobaini za mama akisimulia ujana wake, kidani chake kikigonga maiki kila alipovuta pumzi, tik, tik, tik, kama saa ya ukutani. Hedifoni zilikuwa shingoni mwangu. Shingoni! Tangu hapo nazivaa hata kama zinanifanya nionekane rubani. Funga kitanzi kidogo cha waya chini ya kibanio ili mvutano usifike kwenye kapsuli, na nje ya nyumba weka manyoya ya kuzuia upepo hata siku unayodhani imetulia.

Tena, mwambie mtu kwamba maiki inasikia hata kamera ikizimwa, na umwonyeshe jinsi ya kuizima. Baada ya nusu saa atasahau kabisa kwamba anayo, ataingia chooni nayo, atazungumza na mwanawe mambo ya ndani. Siku nyingine mimi ndiye ninayemkimbilia kumkumbusha.

Hatua ya 8: Mguu mmoja, mitatu, au hakuna

Monopodi yenye vijiguu vitatu vidogo chini ndiyo rafiki wa mtu wa peke yake. Inasimama kwenye eneo la sahani, inabeba uzito wakati mikono yako inazungusha zumu, na ukitaka kuhama unaiinua tu. Haisimami yenyewe kwa usalama hata muuzaji akuambie nini, usiiachie.

Tripodi ibebe siku za mahojiano ya kukaa, na hapo kichwa ni muhimu kuliko miguu. Kichwa cha majimaji kinachogeuka bila kukwama mwanzoni ndicho cha kutafuta: kizungushe polepole kabisa huku kamera imevuta mpaka mwisho, uone kama picha inaruka kwenye milimita ya kwanza.

Gimbo, ule mkono wenye mota unaotuliza kamera? Mimi niliuza yangu. Ukibadilisha lenzi unasawazisha upya, mikono yote miwili imeshikwa, na watu wanaitazama kama mdudu. Ukishuti kwa mkono, bana viwiko kwenye mbavu, vuta mkanda wa kamera mpaka ukaze shingoni, tembea magoti yakiwa yamelegea. Uimarishaji wa ndani ya lenzi na wa kihisi unasaidia sana ukisimama. Ukitembea na lenzi pana sana, ule wa kihisi unaweza kuzitikisa pembe za picha kama uji kwenye bakuli, kwa hiyo jaribu kwanza.

Hatua ya 9: Kadi na umeme

Kasi ya kurekodi ya megabiti 100 kwa sekunde ni megabaiti 12.5, ambayo kwa saa moja ni gigabaiti 45. Kadi ya gigabaiti 128 hivyo inakaribia saa mbili na dakika hamsini. Alama ya V30 kwenye kadi inaahidi kuandika si chini ya megabaiti 30 kwa sekunde na inatosha kabisa hapo. Ukienda megabiti 400, ambazo ni megabaiti 50, tafuta V60. Kadi za ukubwa wa kati kadhaa ni afadhali kuliko moja kubwa inayobeba wiki nzima ikapotea kwenye mfuko wa suruali. Kama kamera ina matundu mawili ya kadi, rekodi kwenye zote kwa pamoja. Jioni, kabla ya kula, nakili kwenye diski mbili, na zisilale kwenye begi moja. Kadi haifutwi mpaka nakala zote mbili zimefunguliwa na kutazamwa.

Betri: hesabu zinazokutosha siku ya kawaida, ongeza moja. Pawabenki yenye USB-C inayoweza kulisha kamera ikiwa kazini itakuokoa kwenye mahojiano marefu. Ukisafiri kwa ndege, betri za akiba za lithiamu zinaingia nawe ndani, si kwenye mzigo wa chini, na mpaka wa kawaida bila kibali ni saa-wati 100. Pawabenki ya 20,000 mAh ni kama 74; ya 27,000 inagusa mpaka wenyewe. Ziba vichwa vya betri kwa utepe visigusane na funguo.

Taa nitaisema hapahapa kwa sababu haistahili hatua yake. Beba kipaneli kimoja kidogo chenye alama ya CRI (kipimo cha taa kuonyesha rangi kama zilivyo) 95 au zaidi. Lakini kabla ya kukiwasha, zima balbu ya njano iliyo juu na ugeuze kiti cha mtu ili dirisha limpige ubavuni. Mara nyingi kipaneli kinarudi begini hakijatumika.

Hatua ya 10: Pakia, kisha jizoeze

Kama pesa haitoshi kununua vyote, mpangilio wangu ni huu: maiki ya kifuani na hedifoni, zumu kuu, ND, betri na kadi, monopodi, na mwisho kabisa ile lenzi ya gizani. Vya gharama kubwa vikodi siku mbili kabla ya kununua. Siku ya pili mkono utakuambia kile ambacho tangazo halikusema.

Kila kitu kipewe mfuko wake na kisihame. Begini mwangu, betri zilizojaa zinakaa kushoto zikitazama juu, zilizoisha zinatazama chini. Kadi zilizotumika nazigeuza uso kwa uso. Pakia begi zima, livae, tembea nalo saa moja mtaani, upande na ngazi. Kinachouma baada ya saa moja kitauma zaidi saa ya sita, na hapo ndipo watu huanza kuacha maiki kwenye gari.

Halafu mtafute jamaa au jirani mwenye kazi ya mikono, umrekodi dakika ishirini kwa lenzi moja bila kusimamisha. Tazama ulipokosa, uandike sababu kando ya kila kosa: nilikuwa nazungusha ND, nilikuwa natafuta betri, nilikuwa natazama menyu. Orodha hiyo ndiyo inayostahili kuongoza manunuzi yako yanayofuata.

La mwisho, chukua saa. Begi limefungwa, liko sakafuni. Anza kuhesabu, na usimamishe pale picha, fokasi na sauti vyote viko sawa na taa nyekundu inawaka. Mimi niko kwenye sekunde arobaini. Ukizidi dakika moja, kuna kitu begini cha kutoa.